Jefferson au Jackson: uanze na nani ukitaka kuuelewa urais wa Marekani?

Kuna jamaa yangu aliyetaka kujua rais wa Marekani aliyapataje madaraka makubwa aliyonayo, nikamwambia aanze na Thomas Jefferson. Sababu yangu ilikuwa ya kivivu: Jefferson ametangulia kwa tarehe. Baada ya wiki moja akanirudia analalamika. "Madaraka yenyewe yako wapi? Mimi naona barua na karamu tu." Sikuwa na la kujitetea. Nilipaswa kumpa Andrew Jackson kwanza.

Tangu siku hiyo, kila nikiulizwa swali hilo nawaweka hawa wawili bega kwa bega. Jefferson alitawala 1801 hadi 1809, Jackson 1829 hadi 1837, kila mmoja vipindi viwili. Wote walikuwa mabwana shamba wenye watumwa, mmoja Virginia, mwingine Tennessee. Wote waliingia wakihubiri mambo yaleyale: serikali kuu iwe ndogo, deni lilipwe, majimbo yaachwe yajiendeshe. Na wote waliondoka wakiwa wamekipa kiti cha urais nguvu ambazo hakikuwa nazo walipokikalia. Tofauti iko kwenye mkono. Jefferson aliuficha, Jackson aliunyoosha mbele za watu.

Namna walivyokifikia kiti

Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa uchaguzi wa kila jimbo, si moja kwa moja na wananchi. Katika uchaguzi wa 1800 kila mjumbe alikuwa na kura mbili, na Katiba haikumtaka aseme ipi ni ya rais na ipi ni ya makamu. Matokeo yake Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, wakafungana kura 73 kwa 73, na Burr hakuona sababu ya kujiondoa. Shauri likaenda Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lilikuwa na kura moja. Walipiga kura mara 36. Jefferson alipatikana tarehe 17 Februari 1801, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku moja aapishwe. Siku ya kuapishwa alitembea kwa miguu kutoka nyumba ya wageni alikokuwa amepanga hadi Bungeni, akasoma hotuba nzuri kwa sauti ndogo ambayo wengi hawakuisikia, akarudi zake.

Jackson yeye aliporwa kwanza, au ndivyo alivyoamini hadi anaingia kaburini. Mwaka 1824 aliongoza kwa kura 99 za wajumbe, John Quincy Adams akiwa na 84, lakini hakuna aliyefikisha nusu. Baraza la Wawakilishi likampa Adams. Spika wa Baraza hilo, Henry Clay, ndiye aliyemwunga mkono Adams, na siku chache baadaye Clay akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wafuasi wa Jackson waliimba wimbo mmoja miaka minne mizima: hapa pana biashara ya wizi. Mwaka 1828 akarudi na kushinda kwa 178 dhidi ya 83.

Kilichobadilika kati ya chaguzi hizo mbili ndicho ufunguo wa habari yote. Mwaka 1800 katika majimbo mengi wajumbe wa uchaguzi walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Kufikia 1828 ni Delaware na South Carolina tu zilizobaki na utaratibu huo. Kwingineko wananchi walipiga kura wenyewe, na sharti la kumiliki mali lilikuwa limeondolewa karibu kila mahali, mradi uwe mwanamume na uwe mzungu. Kura zaidi ya milioni moja zilipigwa. Hivyo Jackson aliingia Ikulu akiwa na kitu ambacho Jefferson hakuwa nacho: angeweza kuwageukia wabunge na kuwaambia, "Nyie mmechaguliwa na wilaya zenu, mimi nimechaguliwa na nchi." Maneno haya ni yangu, lakini hoja ni yake, na aliitoa rasmi mwaka 1834 alipowaandikia Maseneta kwamba rais ndiye mwakilishi wa moja kwa moja wa watu wa Marekani. Maseneta walipandwa na hasira.

Siku alipoapishwa, tarehe 4 Machi 1829, umati ulimfuata hadi ndani ya Ikulu. Watu walipanda viti vya kitambaa cha thamani na buti za matope, vyombo vikavunjika, rais mwenyewe ikabidi atoroshwe asije akabanwa ukutani. Watumishi waliokoa jahazi kwa kuyatoa mapipa ya pombe nje kwenye nyasi, umati nao ukayafuata.

Nikiwa kwenye mambo ya vyakula, kuna jambo dogo linalonichekesha. Wote wawili waliletewa jibini kubwa kupita kiasi. La Jefferson lilifika tarehe 1 Januari 1802 kutoka kwa wakulima Wabaptisti wa Cheshire, Massachusetts, likiwa na kilo 560 hivi. Walimpenda kwa kutetea uhuru wa dini, na walijivunia kwamba halikuguswa na mkono wa mtumwa hata mmoja, sifa ambayo sijui Jefferson, mwenye shamba la Monticello, aliipokeaje, maana katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Akawalipa dola 200, kwa kuwa hakutaka kupokea zawadi akiwa madarakani. La Jackson lilitoka New York, zito zaidi, kilo 635 hivi. Hakulilipia wala hakulificha. Lilikaa ukumbini zaidi ya mwaka likinuka, hadi tarehe 22 Februari 1837 alipofungua milango na kuwaambia watu waje wale. Lilikwisha kwa saa mbili.

Jefferson: madaraka ya mezani

Jefferson hakutumia kura ya turufu hata mara moja kwa miaka minane. Ukiishia hapo utasema alikuwa rais mnyonge. Lakini mtu hahitaji kuukataa muswada ambao hautafika mezani kwake bila yeye kutaka. Chama chake kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, na yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha chama, ingawa hakukuwa na cheo cha namna hiyo kwenye karatasi yoyote.

Kazi ilifanyika wakati wa chakula. Aliwaalika wabunge wachache wachache, akawapa mvinyo wa Ufaransa na mapishi ya mpishi wa Kifaransa, na karibu na wageni akaweka vimeza vidogo vya kujipakulia ili watumishi wasisimame nyuma ya viti wakitega masikio. Hakuhutubia Bunge ana kwa ana. Ujumbe wake wa mwaka aliuandika na kumpa karani akausome, kwa sababu rais kusimama mbele ya Bunge kulimkumbusha mfalme na kiti chake cha enzi. Desturi hiyo ilidumu hadi 1913. Mwakilishi wa Uingereza, Anthony Merry, alipokwenda kujitambulisha mwaka 1803 akiwa amevaa sare kamili za kibalozi, alipokewa na rais aliyevaa ndara zilizochakaa. Merry aliona dharau. Mimi naona hesabu: mtu anayejishusha hivyo hadharani ni vigumu kumshtaki kwamba anajifanya mfalme.

Halafu ikaja Louisiana. Wajumbe wake Paris, Robert Livingston na James Monroe, walitumwa kununua mji wa New Orleans na maeneo ya jirani. Napoleon, aliyekuwa amepoteza jeshi kule Haiti kwa mapigano ya watu waliojikomboa utumwani na kwa homa ya manjano, akawauzia jimbo zima kwa dola milioni 15. Ukubwa wa nchi ukawa karibu mara mbili. Tatizo ni kwamba Jefferson alikuwa amewaambia watu miaka yote kuwa serikali kuu haina mamlaka ambayo Katiba haikuyataja, na Katiba haikutaja popote kununua nchi. Alijua hivyo. Aliandika hata rasimu ya marekebisho ya Katiba. Kisha akapata habari kwamba Napoleon anaweza kugeuka, akaiweka rasimu kando na kuwaandikia wenzake kwamba kadiri suala la Katiba litakavyozungumzwa kidogo ndivyo itakavyokuwa heri. Seneti ikapitisha kwa 24 dhidi ya 7.

Hapo ndipo jamaa yangu alipopitwa. Hakuna ngumi iliyopigwa, hakuna tamko, ila kanuni ya mtu ya maisha yake yote imekunjwa na kutiwa mfukoni katika majira ya joto ya mwaka mmoja.

Kipindi cha pili mkono ulianza kuonekana, na haukumpendeza mtu. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani na meli za Marekani zilikamatwa na pande zote mbili. Mwaka 1807 meli ya kivita ya Uingereza, Leopard, iliishambulia Chesapeake ya Marekani karibu na pwani ya Virginia na kuchukua mabaharia wanne. Jefferson hakutaka vita, basi mwezi Desemba akazifungia meli zote za nchi yake bandarini: marufuku kusafirisha bidhaa kwenda nchi yoyote. Waziri wake wa Fedha, Albert Gallatin, alimwonya mapema kwamba makatazo ya serikali siku zote hudhuru kuliko ilivyokadiriwa. Mauzo ya nje yakaporomoka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. Magendo yakashamiri kupitia Ziwa Champlain kwenda Kanada, rais akatangaza eneo lile kuwa katika hali ya uasi, na Januari 1809 akatia saini sheria iliyowaruhusu maofisa kukamata shehena kwa kuishuku tu. Hayo ni ya mtu aliyehubiri serikali inayowaacha watu wajiendeshee mambo yao. Bunge lilifuta marufuku ile siku chache kabla hajaondoka.

Jackson: madaraka ya mchana kweupe

Marais sita waliomtangulia walitumia kura ya turufu mara 10 kwa jumla. Jackson peke yake aliitumia mara 12. Ila idadi siyo kitu kikubwa. Kabla yake, rais aliukataa muswada hasa kwa hoja kwamba unavunja Katiba. Jackson aliongeza neno jingine: naukataa kwa sababu ni mbaya. Hapo rais aliacha kuwa mlinzi wa mlango, akawa mtunga sheria wa tatu.

Kisa cha kusoma ni cha Benki ya Pili ya Marekani. Ilikuwa Philadelphia, ilianzishwa 1816 kwa hati ya miaka 20 na mtaji wa dola milioni 35, moja ya tano ikiwa ya serikali. Ilitunza fedha za serikali, na noti zake zilipokelewa nchi nzima kulipia kodi. Mkuu wake, Nicholas Biddle, alikuwa mtu hodari mwenye kasoro moja, hakuweza kuamini kwamba wapiga kura wangemchukia. Yeye na Clay wakaamua kuomba hati mpya mapema, mwaka 1832, miaka minne kabla ya ile ya zamani kuisha. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi na Clay alikuwa mgombea. Mtego ulikuwa hivi: Jackson akitia saini, Benki imepona, akikataa, atawaudhi wapiga kura.

Alikataa, tarehe 10 Julai. Ujumbe wake ulisema matajiri na wenye nguvu mara nyingi huipinda serikali iwatumikie wao, na kwamba rais, Bunge na Mahakama kila mmoja ataifuata Katiba kama anavyoielewa mwenyewe. Biddle aliusoma akaona ni hasira za chui aliyefungwa anayetafuna vyuma vya kizimba, akaona usambazwe tu, utammaliza mwenyewe. Wapiga kura waliusoma pia. Jackson akashinda kwa 219, Clay akaambulia 49.

Mwaka uliofuata aliamua kuacha kuweka fedha za serikali kwenye Benki hiyo. Kwa sheria, amri ya kuhamisha amana ilikuwa ya Waziri wa Fedha. Louis McLane alisita, akahamishiwa Mambo ya Nje. William Duane akawekwa, naye akakataa kutoa amri na akakataa kujiuzulu, akafukuzwa. Roger Taney akawekwa, akatoa amri. Ukitaka mfano mmoja wa rais anayejifunza kwamba waziri ni mtumishi wake na si mtumishi wa Bunge, usitafute mwingine.

Seneti ikajibu tarehe 28 Machi 1834 kwa azimio la kumlaumu, kura 26 kwa 20, ikisema amejitwalia mamlaka yasiyo yake. Wapinzani wake wakajiita Whig, jina la Waingereza waliompinga mfalme. Tayari ilikuwepo katuni iliyomwonyesha amevaa taji, fimbo ya kifalme mkono mmoja, kura ya turufu mkono wa pili, na Katiba imechanika chini ya miguu. Jackson hakusahau. Ilichukua karibu miaka mitatu hadi wafuasi wake wakawa wengi Senetini, na tarehe 16 Januari 1837 karani aliletewa kitabu cha kumbukumbu, akalizungushia lile azimio mistari mizito myeusi na kuandika juu yake kwamba limefutwa kwa amri ya Seneti. Limo hadi leo, linasomeka vizuri kabisa ndani ya fremu yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kipande kidogo cha Jackson kilichofika kwetu. Ni yeye aliyemtuma Edmund Roberts, na Septemba 1833 Roberts akaweka saini mkataba wa biashara na Sayyid Said huko Muscat, uliohusu pia Unguja. Mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters wa Salem, akafungua ofisi Unguja. Kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikiita marekani kilipanda chati kwa njia hiyo.

Pale wanapokutana

Mwaka 1832 South Carolina ilitangaza kwamba sheria za ushuru wa forodha za serikali kuu ni batili ndani ya mipaka yake. Jackson, mtetezi wa majimbo, alitoa tangazo tarehe 10 Desemba akisema hakuna jimbo lenye haki hiyo, na kwamba kuuvunja muungano kwa silaha ni uhaini. Bunge likampa ruhusa ya kutumia jeshi, Clay akasaidia kupunguza ushuru, jimbo likarudi nyuma. Abraham Lincoln alilichukua tangazo hilo miaka 28 baadaye alipokuwa akiandaa hotuba yake ya kuapishwa.

Lakini wazo kwamba jimbo linaweza kuibatilisha sheria ya taifa lilitoka wapi? Lilikuwa limeandikwa mwaka 1798, kwa siri, kwa ajili ya bunge la Kentucky, na mtu aliyekuwa makamu wa rais wakati huo. Aliitwa Thomas Jefferson. Jackson alikuwa akipigana na mkono uliofichwa miaka 34 nyuma.

Na kuna ardhi ya wenyeji asilia. Kila mtu anajua sehemu ya Jackson. Sheria ya kuwahamisha ilipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1830 kwa kura 102 dhidi ya 97, akaitia saini tarehe 28 Mei. Mwaka 1832 Mahakama ya Juu chini ya John Marshall iliamua, katika kesi ya Worcester, kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji hao. Jackson hakufanya lolote la kuulazimisha uamuzi huo. Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini mkataba wa kuiuza nchi, chifu wao John Ross akapinga kwa maombi yenye maelfu ya majina, Seneti ikaupitisha kwa kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika. Wanajeshi walikuja kuwatoa watu majumbani 1838, Jackson akiwa ameshastaafu. Kati ya Wacherokee 16,000 hivi, wanaokadiriwa kufa ni 4,000.

Sehemu ya Jefferson haijulikani sana, na ndiyo inayonifanya nisimpe mtu Jefferson kabla hajamjua Jackson. Yeye alitaka ardhi ileile. Hakupitisha sheria wala kugombana na Mahakama. Alimweleza gavana wa Indiana, William Henry Harrison, kwamba vituo vya biashara vya serikali viwaache wakuu wa wenyeji wakope hadi madeni yawazidi, nao wakielemewa watakuwa tayari kuyalipa kwa kutoa ardhi.

Sasa uchague

Ukiwa unafuatilia siasa za leo na unataka kujua kwa nini rais anafukuza mawaziri, anaonyesha kalamu yake mbele ya kamera na kudai sauti ya wananchi ni yake, anza na Jackson, tena anza na ujumbe wa tarehe 10 Julai 1832 wenyewe kabla ya kitabu chochote. Hauchoshi. Ukiwa mwanafunzi wa sheria utavutwa na Jefferson kwa sababu ya Louisiana na ya kesi ya Marbury ya 1803, ambamo Mahakama ya Juu ilidai uwezo wa kubatilisha sheria zinazovunja Katiba, na sitakuzuia, ila ujiandae kusoma barua nyingi za watu wanaoongea kwa mafumbo. Wanaopenda uchumi nawapa marufuku ya 1807 na Benki kwa pamoja, Jefferson kwanza, maana takwimu zake ni rahisi zaidi kufuatilia.

Wengine wote: Jackson, kisha Jefferson. Na utakapomfikia Jefferson, fungua barua ile kwa Harrison, ya tarehe 27 Februari 1803. Karibu na mwanzo anaeleza kwamba barua hii si rasmi, ni ya faragha, na kwa hiyo anaweza kumpa picha kamili zaidi kwa usalama.